Kigoga cha Msituni: Mwongozo Kamili wa Kukitambua, Kukipima na Kukihifadhi, kwa Anayeanzia Nairobi

Kigoga, mmea mdogo wa kijani unaoshika magome na mawe, kitazame mara mbili: kwanza kikiwa kikavu, halafu kikiwa kimelowa. Anayekitazama mara moja hukosa nusu ya sura yake, na mara nyingi hukosa hata jina. Mwezi Februari, kwenye gome la mti wa mukinduri msituni Karura, Nairobi, utaona kitu cha kahawia kilichokunjamana kama majani makavu ya chai. Kidondoshee matone matatu ya maji ya mvua. Kabla dakika haijaisha majani yanafunguka, yanasimama na kurudi kijani. Kila hatua iliyo hapa chini inategemea tabia hiyo.

Kipi ni kigoga, kipi sicho

Mtaani, kijani chochote kilichoshika ukuta au gome huitwa ukoga au kuvu. Msituni lazima utenganishe vitu vitatu. Kigoga kina kishina na majani madogo yaliyokizunguka, na majani hayo mara nyingi yana mshipa mmoja katikati. Livawati ni jamaa yake. Zenye majani huyapanga safu mbili bapa kama msuko, majani hayana mshipa, na mara nyingi yamegawanyika ncha. Kuvumwani si mmea kabisa, bali ni kuvu linaloishi pamoja na mwani. Huwa kijivu au manjano, kama ngozi au kama ndevu, na halina jani hata ukiliweka chini ya lenzi.

Ukibaki na shaka kati ya kigoga na livawati, tafuta kidonge cha spora, yaani chembe zake za kuzaliana. Cha kigoga husimama wiki kadhaa juu ya kikonyo kigumu, kisha hufunguka kwa kifuniko. Cha livawati hukaa juu ya kikonyo laini kinachopitisha mwanga, hupasuka vipande vinne, na kikonyo hunyauka upesi.

Kinavyoishi

Kigoga hakina mizizi ya kunywea maji. Vinyweleo vyake vya chini kazi yake kubwa ni kushikilia gome au jiwe. Maji na madini huingia kupitia majani, ambayo kwa aina nyingi yana unene wa seli moja tu. Kwa sababu hiyo kigoga hulowa haraka na kukauka haraka, na hakina namna ya kujizuia. Kinachokiokoa ni uwezo wa kukauka bila kufa: seli husinyaa, kazi zote husimama, na maji yakirudi kazi huanza upya.

Kuanza upya kuna gharama, na hapa ndipo wengi wanaofuga vigoga hukosea. Dakika za kwanza baada ya kulowa, kigoga hupumua kwa nguvu na kutumia akiba ya sukari kikirekebisha seli zake. Kikibaki na maji kwa saa kadhaa, usanisinuru hulipa deni hilo na kuacha faida. Kikikauka tena baada ya nusu saa, kimepata hasara. Kumwagia kigoga maji kidogo saa saba mchana juani, siku baada ya siku, ni kukiua polepole. Mwagia jioni au alfajiri kiloweke kweli, au kiache kikavu.

Hesabu hiyohiyo ya sukari inasaidia kueleza kwa nini misitu ya joto ya nyanda za chini ina vigoga vichache kuliko mtu anavyotarajia. Usiku wenye joto humfanya kigoga apumue sana bila mwanga wa kurudisha anachotumia. Ukipanda mlimani, usiku unapoa, mawingu yanashuka, na vigoga vinaongezeka. Mtaalamu Tamás Pócs alipima misitu ya milima ya Uluguru, Tanzania, na kuchapisha matokeo mwaka 1980. Katika msitu wa ukungu ulio juu ya mita 2,000 alikuta takribani tani 14 kwa hekta, uzito mkavu, za mimea inayoota juu ya miti pamoja na mboji yake. Chini zaidi mlimani, kwenye mita 1,400 hivi, zilikuwa tani 2 na kidogo.

Nairobi, penye mita 1,700 hivi, iko katikati. Karura, City Park, Arboretum na msitu wa Ngong Road ni misitu mikavu kidogo, kwa hiyo usitegemee mapazia ya vigoga kama yale ya milima ya Aberdare. Utakuta mikeka na vichuguu vidogo kwenye magome, na vingi zaidi kandokando ya mito na maporomoko. Msimu mzuri wa kutazama ni Aprili na Mei, kisha Novemba. Usiudharau mwezi wa Julai: mvua ni chache, lakini mawingu ya chini na baridi huchelewesha ukaukaji, na vigoga hubaki kijani hadi karibu na adhuhuri.

Ruhusa kwanza

Kutazama na kupiga picha kwenye njia za wageni hakuhitaji zaidi ya kiingilio. Kuchukua sampuli ni jambo jingine. Misitu ya serikali iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu, KFS, na utafiti huhitaji pia leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Maliza hayo kabla ya kufunga mkoba. Ikiwa unataka kujifunza tu, anza na paa la nyumba, ukuta wa bustani au kingo za mtaro kwako. Vigoga viko hapo pia, na hatua ni zilezile.

Vya kubeba ni vichache:

- lenzi ya mkono ya kukuza mara 10 (ya mara 20 ni nzuri, ila uwanja wake ni mdogo na anayeanza hupotea ndani yake)
- chupa ya kunyunyizia yenye mililita 250 za maji ya mvua. Maji ya bomba huacha chumvi na klorini juu ya majani
- kisu butu au kijiko bapa
- bahasha 20 za karatasi na penseli, kwa sababu wino huchuruzika
- futi ya kupimia
- plastiki angavu ya sentimita 20 kwa 20, iliyochorwa miraba ya sentimita 2, yaani miraba 100

Hatua ya 1: Usome mti kabla ya kigoga

Kanuni ya vitabu vya Ulaya kwamba kigoga huota upande wa kaskazini wa mti iache hukohuko. Nairobi iko digrii 1 na dakika 17 kusini mwa ikweta. Jua hupita upande wa kaskazini sehemu ya mwaka na upande wa kusini sehemu nyingine, kwa hiyo hakuna upande wa shina ulio kivulini mwaka mzima kwa sababu ya dira peke yake. Tazama mambo mengine matatu.

La kwanza ni mlalo wa shina. Mti ulioinama hupokea mvua upande wa juu, na maji yanayoteremka kutoka matawini hufuata upande fulani. Baada ya mvua kubwa, simama utazame michirizi myeusi kwenye shina. Hiyo ndiyo ramani ya vigoga. La pili ni gome. Mikaratusi mingi huambua gome lake kila mara, na kigoga kinachohitaji miaka kutulia hakipati nafasi. Gome gumu lenye mifereji, kama la mutamaiyu (mzeituni mwitu) mzee, hushika vumbi, unyevu na spora. La tatu ni ukaribu wa maji. Tembea mita 30 kutoka mtoni kwenda juu mlimani ukihesabu, na utaona mikeka ikipungua.

Andika pia mvua ya mwisho ilinyesha lini. Bila taarifa hiyo huwezi kulinganisha siku mbili.

Hatua ya 2: Pima eneo lililofunikwa

Chagua miti 10 ya aina moja, kila mmoja ukiwa na mzingo wa sentimita 100 au zaidi. Mzingo ukiwa chini ya 80, mikao minne ya plastiki yako itapandana na utahesabu kigoga kimoja mara mbili. Kwa kila mti, weka plastiki kwenye kimo cha sentimita 30 na tena kwenye mita 1.3, upande wa kaskazini, mashariki, kusini na magharibi. Hapo una vipimo 8 kwa mti, 80 kwa jumla.

Hesabu miraba ambayo kigoga kimeifunika zaidi ya nusu. Kwa kuwa miraba ni 100, idadi hiyo ndiyo asilimia. Livawati na kuvumwani viandike kwenye safu zao.

Makosa ni yaleyale kila mara. Mtu huchagua miti yenye vigoga vizuri badala ya miti anayoikuta, na asilimia inapaa bila sababu. Dawa yake ni kuamua kabla: mti wa kwanza unaofaa kila baada ya hatua 20. Kosa la pili ni kuhesabu vigoga vikavu siku ya jua na vibichi siku ya mvua, kisha kulinganisha. Kigoga kilichojikunja hufunika eneo dogo. Kinyunyizie, ngoja dakika 5, ndipo uhesabu.

Hatua ya 3: Chukua sampuli

Anza na matawi yaliyoanguka. Upepo na mvua hushusha vigoga vya juu kabisa ambavyo huwezi kuvifikia, na kuviokota hakuachi kidonda kwenye mti. Okota tawi ambalo halijakaa sana chini. Likishakaa, vigoga vya ardhini hulivamia na utadhani vimetoka juu.

Ukilazimika kutoa kwenye gome, chukua kipande cha nusu kiganja, kutoka ukingoni mwa mkeka na si katikati, na usizidishe sehemu moja kati ya kumi ya mkeka. Pendelea chenye vidonge. Hakikisha umechukua na vinyweleo vya chini, kwa maana kukata vichwa pekee humnyima mtambuzi habari za kishina.

Bahasha hutoka kwenye karatasi ya A4 iliyosimamishwa wima. Kunja ukingo wa chini upande juu hadi ubaki sentimita 4 au 5 kutoka juu. Kunja kila pembeni sentimita 3 kuelekea nyuma, kisha funika kwa ulimi wa juu. Usitumie mfuko wa plastiki. Ndani yake unyevu hubaki, na baada ya siku mbili utakuta ukungu mweupe na harufu ya kuoza.

Juu ya bahasha andika papo hapo: tarehe, mahali, aina ya mti au jiwe, kimo kutoka ardhini, upande, hali ya mwanga, jina la aliyechukua na namba ya sampuli. Mwinuko na majira ya nukta (namba za mahali ulipo kwenye ramani) yachukue kwenye simu, ukikumbuka kwamba mwinuko wa simu unaweza kukosea kwa makumi ya mita. Usiseme utaandika nyumbani. Bahasha tano zisizo na maandishi hufanana kabisa.

Hatua ya 4: Mezani, kikavu kwanza

Tazama kikavu chini ya lenzi na uandike: majani yamejisokota, yamelala kwenye kishina, au yamebaki vilevile? Kisha kiloweshe na uandike tena. Jibu hilo peke yake huondoa nusu ya uwezekano.

Swali la pili ni umbo. Vigoga vya wima husimama kwa vichuguu, na kidonge hutoka kwenye ncha ya kishina. Vigoga tambazi hulala na kutoa matawi, na kidonge hutoka ubavuni. Msitu wa tropiki una umbo la tatu ambalo ni zuri mno kuliangalia, nalo ni la kuning'inia. *Pilotrichella*, ambayo utaikuta ukipanda kwenye misitu yenye ukungu, hushuka matawini kama nyuzi zenye vitawi vinene. Kila jani lake limebonyea kama kijiko, na vijiko hivyo ndivyo hushika maji.

Baadhi utazikuta mapema:

*Bryum argenteum* huota kwenye nyufa za lami na saruji katikati ya mji. Ncha za majani hazina rangi ya kijani, kwa hiyo mmea mzima hung'aa kama fedha. *Fissidens* huota kwenye udongo wa kingo za mito. Majani yamepangwa safu mbili bapa kama unyoya, na kila jani lina mfuko mdogo chini unaokumbatia kishina. Mfuko huo ukiuona huhitaji dalili nyingine. *Racopilum* hutambaa kwenye mawe na mizizi, na ina majani ya ukubwa wa aina mbili kwenye kishina kimoja, madogo yakiwa na ncha ndefu kama sindano. *Macromitrium* hushika magome kwa kishina kinachotambaa na vitawi vifupi vilivyosimama, vinavyojikunja sana vikikauka. Livawati ya kahawia nyekundu iliyobana kwenye gome huenda ikawa *Frullania*: igeuze, na chini ya majani utaona vifuko kama kofia za chuma.

Zaidi ya hapo unahitaji hadubini. Weka kishina kwenye tone la maji juu ya kioo, shika ncha kwa kibano, na kwa kibano cha pili ukwaruze kuelekea chini ili majani yatoke mazima. Funika kwa kioo chembamba. Anza na ukuzaji wa mara 100, kisha 400. Tazama seli za katikati ya jani, kisha zile za pembe za chini. Pembe hizo ndizo hutenganisha jenasi nyingi, na ndizo hubaki kwenye kishina ukivuta jani kwa haraka.

Kidonge kwa karibu

Tafuta *Funaria hygrometrica* mahali palipochomwa moto: penye majivu ya takataka au tanuri la zamani la makaa. Vidonge vyake vimeinama kama shingo ya korongo. Chukua kikonyo kimoja kikavu, kishike kwa kibano chini ya lenzi, na ukipulizie pumzi ya mdomo taratibu. Kikonyo kilichojisokota kama kamba kitazunguka. Acha kikauke, nacho kitajisokota upya.

Kisha ondoa kifuniko kwa ncha ya sindano. Mdomo wa kidonge una meno 16 ya nje, ambayo kwa *Funaria* yameungana nchani na kuacha nyufa katikati. Hewa ikikauka nyufa hupanuka na spora hutoka kidogokidogo, ikilowa, hufunga. Spora hutoka hewa ikiwa kavu, na ndipo huweza kusafiri kwa upepo.

Kidonge na kikonyo chake ni mmea wa kizazi cha pili, ulioketi juu ya mmea wa kijani na kulishwa nao. Hutokea pale tu mbegu ya kiume, yenye mikia miwili, ilipoogelea kwenye utando wa maji hadi kwenye yai. Safari hiyo kwa kawaida ni ya sentimita chache tu, ndiyo maana aina zenye jinsia kwenye mimea tofauti zinaweza kukaa miaka bila kidonge hata kimoja.

Ukitaka kuona mwanzo wake, fukiza udongo laini kwa mvuke nusu saa, uache upoe, uweke kwenye kopo angavu lenye kifuniko, na uupondee kidonge kimoja kilichoiva. Nyunyiza maji ya mvua na uweke kopo dirishani pasipo jua la moja kwa moja. Baada ya wiki moja hadi mbili utaona nyuzi za kijani zinazofanana na mwani. Wengi huzitupa hapo wakidhani udongo umeharibika. Ngoja: wiki mbili au tatu zaidi, machipukizi yenye majani hutoka kwenye nyuzi hizo.

Hatua ya 5: Pima maji kinayoshika

Chukua kigoga kilichookotwa kinachotosha sentimita 10 kwa 10. Ondoa gome na udongo kwa kibano, hata ikichukua saa nzima. Gome likibaki huongeza uzito mkavu, na jibu lako hushuka.

Kiloweke kwenye maji ya mvua dakika 20. Kiweke juu ya chujio dakika 5 bila kukikamua. Pima kwa mizani inayosoma gramu 0.01, kama ya sonara, mbali na dirisha, maana upepo huyumbisha tarakimu. Kisha kikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 70 kwa saa 24, na ukipime ndani ya dakika moja baada ya kukitoa, kwa sababu kigoga kikavu huanza kunyonya unyevu wa hewa papo hapo. Sampuli hii haitarudi kuwa hai, kwa hiyo usitumie chenye thamani.

Tuseme kilicholowa ni gramu 21.60 na kikavu ni 3.20. Maji ni gramu 18.40. Gawanya kwa 3.20 upate 5.75: kigoga kimeshika maji asilimia 575 ya uzito wake mkavu. Sasa gawanya gramu 18.40 kwa sentimita za mraba 100 upate sentimita 0.184, yaani milimita 1.84 za mvua ambazo hazikufika chini mara moja. Kipimo cha milimita ndicho kinachozungumza na wenzetu wa hali ya hewa.

Kabla ya oveni unaweza kukipima kila nusu saa mezani na kuchora mstari wa ukaukaji. Kigoga kilichosongamana kwa kawaida hukauka polepole kuliko kilichotawanyika, hata uzito ukilingana. Ukikibana kwa vidole umeharibu mstari wote.

Yale maji yaliyochuruzika usiyamwage. Weka matone machache chini ya hadubini kwa ukuzaji wa mara 40. Utakuta minyoo duara, rotifa (vijidudu vya majini), utitiri, na ukiwa na subira, dubu-maji akitembea kwa miguu yake minane. Baadhi yao hukauka na kufufuka pamoja na kigoga.

Kuhifadhi

Bahasha ziache wazi mahali penye hewa siku tatu hadi saba, pasipo jua kali, na usizigandamize kwa uzito kama unavyofanya na maua. Zikikauka kabisa, zifunge kwenye mfuko wa plastiki na uzigandishe kwenye friza siku saba ili kuua wadudu. Zitoe, lakini usifungue mfuko hadi urudie joto la chumba, ama sivyo umande utalowesha karatasi. Zipange wima kwenye sanduku la kadibodi kwa namba. Miaka mingi baadaye, tone la maji ya moto litafungua majani na utambuzi utawezekana.

Nakala ya pili ya kila sampuli iliyochukuliwa kwa leseni ipeleke kwenye Hebaria ya Afrika Mashariki, ghala la mimea iliyokaushwa, katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Mkusanyo huo ulianzia Amani, katika Tanzania ya leo, mwaka 1902 na kuhamia Nairobi mwaka 1950. Wapelekee bahasha kavu, yenye maandishi kamili na namba ileile iliyo kwenye daftari lako, pamoja na nakala ya leseni. Sampuli isiyo na mahali wala tarehe haiwafai kwa lolote.